Karatasi ya Kijani Juu ya Kitanda Changu

Wodi yetu ya wanaume ilikuwa na taa ndefu tatu kwenye dari. Mbili zilikufa kabla sijafika. Ya tatu niliiharibu mimi.

Nimeona nianze na hilo kabisa, maana wanaonifahamu watadhani nazuga. Sizugi. Darasani mimi ndiye ninayeigiza sauti ya mkuu wa shule nyuma ya mlango hadi kidato kizima kinasimama. Lakini haya naandika kwa ajili yako wewe uliyelazwa sasa hivi na kidonda kinachokataa kupona, unayemtazama daktari usoni kila asubuhi kabla hajafungua mdomo. Najua unavyojisikia. Soma polepole, huna pa kwenda.

Mambo yalianza na mvua za vuli. Tulikuwa tunacheza mpira ufukweni, peku, timu ya shule yetu dhidi ya vijana wa Mkuyuni. Mama yangu anauza mapanki sokoni palepale Mkuyuni, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu na kuipeleka Ulaya. Kwa hiyo mifupa ya samaki naijua tangu nikiwa mgongoni. Hata hivyo mmoja ulikuwa umejificha mchangani, ukaniingia chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia. Nikauchomoa, nikapiga kona, tukafunga.

Nikanyamaza siku tisa, kwa sababu wiki iliyofuata kulikuwa na nusu fainali. Siku ya kumi kiatu hakikuingia. Siku ya kumi na moja mguu ulikuwa unang'aa kama bilinganya na nilikuwa natetemeka juani. Mama aliponivua soksi hakupiga kelele. Alikaa chini tu, kwenye sakafu, na beseni lake la mapanki bado kichwani.

Sitaeleza yaliyosemwa na madaktari, mengine hata sikuyaelewa. Niliambiwa uchafu umeingia hadi kwenye mfupa. Nililazwa, nikapasuliwa mara ya kwanza kutoa usaha, na baada ya hapo maisha yangu yakawa sindano za saa sita kwa saa sita. Nilijifunza kujua saa kwa makalio. Krismasi niliila kitandani. Wenzangu wa darasani walichangishana wakaniletea biskuti na machungwa, yamefungwa kwenye karatasi kubwa ya nailoni, ile ya kung'aa ya kufungia zawadi, rangi ya kijani kibichi. Biskuti ziliisha siku ileile. Karatasi nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Laiti ningeila nayo.

Aliyekuwa ananifunga kidonda ni Sista Modesta, mama wa Sengerema, mfupi, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao wauguzi wengine waliuona usumbufu. Hakufungua kidonda wodini hata siku moja. Saa tatu asubuhi, jua linapofika kwenye varanda ya mashariki, alitutoa wote wenye vidonda, wengine kwa magongo, wengine kwa kiti cha magurudumu kilichokuwa na gurudumu moja na nusu, akatupanga kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa.

"Sista, huku nje kuna baridi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Baridi haijaua mtu Mwanza. Leta mguu."

"Si ungeufungia kitandani tu? Taa ipo."

"Taa ya kutafutia kandambili ile. Leta mguu nimesema."

Kila akitoa bandeji alikuwa ananiambia anachokiona. Pekundu pazuri. Peupe hapa, hapa tutapasafisha. Mimi nilikuwa natazama ziwa, sikutaka kuona. Lakini masikio hayafumbwi, na kila aliposema pekundu nilivuta pumzi.

Kitanda cha jirani alikuwa Babu Masanja, mfugaji aliyevunjwa nyonga na fahali wake mwenyewe. Upande wa pili alikuwa kijana wa Misungwi aliyegongwa na lori la pamba. Yule kijana alipelekwa theater Jumatano moja akiwa anaimba. Aliporudi, blanketi lilikuwa limelala bapa kuanzia chini ya goti la kushoto. Hakuimba tena. Nami tangu siku hiyo nikawa nalala na mikono yangu imeshika mguu wa kulia.

Mwezi wa pili wadudu wa ziwani wakaja. Kama hukai huku, ni wale wadogo kuliko mbu, wanapanda kutoka majini kama moshi, wanafuata mwanga. Madirisha yetu hayakuwa na wavu. Mengine vioo vilishavunjika yakazibwa kwa mbao, ndiyo maana taa iliwashwa hata mchana. Ile taa moja nyeupe iliyobaki ilikuwa inawaita kutoka ziwa zima. Jioni ukiletewa uji, unakunywa wa ulezi na wa wadudu.

"Mwanangu, huu uji una nyama," Babu Masanja alisema.

"Kula babu, wenzako wananunua."

Hapo ndipo akili yangu mbovu ikafanya kazi. Rafiki yangu Deo alipokuja kuniona nikampa ile karatasi ya kijani, akapanda juu ya kabati la dawa, akaizungushia taa na kuifunga kwa plasta. Wodi nzima ikawa kama chini ya ziwa. Sura zetu zikawa za vyura. Watu walicheka hadi yule kijana wa Misungwi akatabasamu, na nakiri hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa. Wadudu kweli wakapungua. Muuguzi wa zamu aliguna akasema, "Acheni, angalau leo nitaandika ripoti bila kupepea."

Ukikaa mle dakika tano macho yalizoea, huoni tena ukijani. Ukitoka nje ndiyo unashangaa dunia imekuwa ya waridi.

Sista Modesta angeing'oa siku ileile. Lakini alikuwa amefiwa na kaka yake, amevuka kivuko cha Kigongo kwenda kwao, akapewa majuma mawili. Walioshika zamu walikuwa wanafunzi wa uuguzi, na mvua za masika zikaanza mapema zikiwa na hasira. Varanda ikawa bwawa. Kwa hiyo kidonda kikawa kinafungwa kitandani, chini ya taa yangu. Yule mwanafunzi aliyenihudumia alikuwa na haraka na huruma, na hakuniambia kitu. Siku ya tatu nikaona anakunja uso. Siku ya tano akamwita mwenzake, wakanong'ona. Nikasema, "Mnagombania nani aolewe na mimi?" Hawakucheka.

Jumatatu daktari akapita raundi. Asubuhi ilikuwa nyeusi kwa mvua. Alisimama mlangoni akatazama juu, akacheka. "Nani kaleta Krismasi huku?" Wote wakanionyesha mimi kwa vidole. Nikapunga mkono kama mgombea ubunge. Akafungua mafaili, akaongea na Babu, akaongea na kijana wa Misungwi, na alipofika kwangu ile Krismasi alikuwa ameshaisahau. Macho yake yalikuwa yamezoea, kama yetu.

Akainama. Akatazama muda mrefu. Akabonyeza kwa koleo.

"Kinauma?"

"Kidogo, daktari." Kilikuwa kinauma sana. Mbele ya watu huwa nasema kidogo. Usinifuate kwa hilo.

Akasimama wima. "Imekuwa nyeusi," alimwambia yule mwanafunzi. "Karibu yote. Nyama imekufa hii." Kisha akaniambia mimi, kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali: "Baba yako anakuja lini?"

"Kesho asubuhi, shikamoo." Nilimwamkia mara ya pili, hata sijui kwa nini.

"Mwambie anione. Kuna fomu ya kusaini. Jumatano tutaukata, hapa," akagusa chini ya goti, "ili tukuokoe wewe."

Sikumbuki raundi iliishaje. Nakumbuka Babu Masanja akininyooshea chungwa lake na mimi nikilishika bila kulimenya hadi likapata joto.

Saa kumi alasiri, saa ya kuona wagonjwa, Deo akaja amelowa, ana mfuko. Timu ilikuwa imepata jezi mpya kutoka kwenye mitumba na ameniletea yangu, namba saba. Nadhani alitaka nifurahi. Akaitandaza juu ya shuka.

"Nyeusi?" nikasema. "Tumekuwa timu ya marefa?"

"Nyeusi wapi? Hiyo nyekundu. Una malaria na wewe?"

"Deo, leo sina hamu ya utani."

"Nani anatania?" Akaichukua jezi, akaenda nayo hadi mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Nyekundu. Nyekundu kama pilipili. Akarudi nayo hatua kwa hatua kitandani kwangu, na kila hatua ilikuwa inazidi kuwa nyeusi. Deo akaanza kucheka. Mimi nikaanza kucheka. Halafu kicheko changu kikakatika katikati, nikatazama mguu wangu kwenye bandeji, nikatazama dari.

"Deo. Toa ile karatasi. Toa sasa hivi!"

Akapanda, akaichana. Alipokuwa bado juu ya kabati umeme ukakatika. Mgawo. Wodi nzima ikabaki gizani, na bandeji yangu ikabaki imefungwa. Nilimwomba muuguzi wa zamu aifungue aangalie kwa tochi. Akasema kimeshafungwa leo, hakitafunguliwa hadi theater, kitaingia uchafu. Nikamweleza habari ya jezi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyewahi kujilaza kama maiti ili kumtisha mwanafunzi wa uuguzi. Na kweli nilikuwa nimefanya hivyo, mwezi wa kwanza. Aliyetishwa ni yeye.

Usiku ule ulikuwa mrefu.

Asubuhi umeme ulikuwa haujarudi. Mvua ilikuwa imepumzika. Baba akaja.

Lazima nikueleze kuhusu baba. Alikuwa mpanga madaraja ya pamba. Mkulima akileta pamba yake, baba alikuwa anachota ngumi moja, anaigeuza, anasema neno moja: safi, au fifi, yaani ile chafu yenye madoa. Kwa miaka mingi neno lake lilikuwa la mwisho. Halafu biashara ikafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi wanaomwaga zote kwenye gunia moja, safi na fifi, mradi wawahi. Mpanga madaraja hakuhitajika tena. Tangu hapo alikuwa amekaa kwenye kiti nyumbani, hasemi, na mimi nilipozidisha utani ili nyumba ichangamke ndivyo alivyozidi kunichukia. Au nilidhani ananichukia. Tangu nilazwe yeye na mama walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini. Bibi alitaka nipelekwe kwa mganga, mama alitaka hospitali, baba hakutaka kitu, alikuwa anatazama ukuta.

Alikuja na kalamu mfukoni. Ameshaonana na daktari. Macho yake yalikuwa mekundu, hilo niliweza kuliona bila taa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Fomu ilikuwa mapajani mwake. "Daktari amenieleza. Mwanangu, ukiwa hai..."

"Baba, mguu haujafa. Ni taa."

Akafumba macho. "Hata leo?"

"Wallahi baba sitanii. Nilifunga karatasi ya kijani kwenye taa. Jezi yangu nyekundu ilikuwa inaonekana nyeusi. Daktari ameuona mguu chini ya taa ileile. Nitoe nje uutazame."

"Kila siku una mchezo mpya. Kila siku! Mama yako halali, mimi nimekuja hapa kusaini..." Sauti yake ikapasuka, Babu Masanja akageukia ukutani ili asione.

Nilikuwa nalia, naandika kama ilivyokuwa. Sikuwa na utani hata mmoja uliobaki. Nikasema kitu cha mwisho kilichokuja: "Baba, ungekubali kupanga pamba chini ya taa?"

Nakwambia ukweli, niliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

"Pamba haipangwi chini ya taa," akasema polepole. Kisha kwa ile sauti ya zamani, ya kazini: "Taa inadanganya rangi. Tulikuwa tunawarudisha wakulima jioni, waje asubuhi." Akatazama dari. Vipande vya nailoni ya kijani vilikuwa bado vinaning'inia kwenye plasta. "Wewe ndiye uliyefunga hii?"

"Mimi."

Akaikunja fomu, akaitia mfukoni na kalamu yake. Akainama, akanibeba mgongoni. Nilikuwa nimekonda hadi hakuguna. Muuguzi akapiga kelele nyuma yetu, "Mzee, mzee, unampeleka wapi mgonjwa!" Baba hakugeuka. Alinikalisha kwenye benchi la Sista Modesta, varandani, akapiga goti kwenye maji ya mvua, akaanza kufungua bandeji kwa vidole vyake vya pamba.

Jua lilikuwa linatoka kwenye mawingu, jeupe, lisilo kali. Kwa mara ya kwanza tangu niumie sikutazama ziwa. Nilitazama mguu.

Baba alitazama muda mrefu. Akaugeuza kushoto. Akaugeuza kulia. Nilikuwa nasikia moyo wangu kwenye fizi.

"Hapa safi," akasema, akinyoosha kidole bila kugusa. "Hapa safi. Hapa safi." Akafika kwenye kidole kidogo. "Hapa fifi."

Muuguzi alikuwa ameshafika, ana hasira, akafungua mdomo atufokee, halafu akaona. Nyama ilikuwa nyekundu, ya unyevu, kama ndani ya mdomo. Kidole kidogo tu ndicho kilichokuwa cheusi, cheusi kweli, hata juani. Akaufunga mdomo. Akaenda kumwita daktari, na hakutembea, alikimbia.

Daktari alikuja akachuchumaa palepale varandani. Akanibonyeza tena, nikapiga yowe, safari hii sikusema kidogo. "Vizuri," akasema. Akamtazama baba. "Theater kuna taa nyeupe, mzee. Ningeona tu kabla ya kukata."

Baba akasema, "Inawezekana."

Hawakubishana. Mimi hadi leo sijui. Labda angeona. Labda umeme ungekuwa umekatika. Nikiwaza hilo huwa nashika mguu.

Jumatano nilikwenda theater kweli, wakatoa kidole kidogo na kipande cha mfupa. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama blanketi. Lilikuwa na kilima hadi mwisho.

Sista Modesta aliporudi kutoka msibani alishasimuliwa yote. Nilisubiri kipigo. Akanitazama tu, akasema, "Saa tatu, varandani," na hakuniambia tena anachokiona. Aliniambia nitazame mwenyewe nimwambie yeye, kwa sauti, benchi zima lisikie. Ilikuwa adhabu na ilikuwa dawa. Taa nyeupe mbili mpya zilifungwa wodini masika yalipokuwa yanaisha, na mafundi waliweka wavu madirishani. Babu Masanja alilalamika kwamba uji hauna tena mboga.

Kwa hiyo wewe uliyelazwa: ukiona wanakunja nyuso juu ya kidonda chako, waombe wakutoe kwenye mwanga. Omba kwa adabu, kisha omba tena. Na kinachouma, sema kinauma. Na kama una sifa ya utani kama mimi, punguza mapema, ili siku ukisema kweli wasidhani unatania.

Niliruhusiwa pamba ilipoanza kupasuka mashambani. Baba ndiye aliyekuja kunichukua. Kabla hatujaondoka akanikalisha tena kwenye lile benchi, akaushika mguu wangu, akauelekeza kwenye jua, akaugeuza huku na huku kama ngumi ya pamba. Alichukua muda wake wote. Nilibana pumzi, ingawa nilijua umepona.

"Mguu, safi," akasema, na akainuka akipangusa magoti. Kisha akanitazama usoni, na nikaona anazuia kucheka, kwa mara ya kwanza tangu alipoachishwa kazi. "Mdomo, fifi."